Ubao Haukuvuja, Sakafu Ilivuja: Kisa cha Chumba cha Kufulia Ghorofani

Nyumba ni ya ghorofa moja, pembezoni mwa Dar es Salaam. Mtaa, majina na duka la vifaa nimeviondoa. Vipimo nimeviacha kama nilivyovikuta, kwa kuwa bila hivyo kisa hakimfai mtu anayetaka kujenga. Mimi niliitwa baada ya maji kuingia sebuleni. Sakafu ilipochaguliwa mara ya kwanza sikuwepo. Ninayoyaeleza ya wakati huo nimeyapata kwa wenye nyumba na kwa fundi aliyeiweka, ambaye alikuwa muungwana na hakuficha kitu.

Stoo iliyogeuka chumba cha kufulia

Kwenye ramani chumba kile kilikuwa stoo: mita 2.4 kwa 3.1, ukuta mmoja umepakana na bafu la familia, na chini yake ni sebule. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Slabu ya bafu ilishushwa sentimita chache ili kupata nafasi ya mabomba na mteremko. Slabu ya stoo haikushushwa, maana nani anamwaga maji stoo? Juu yake ikapigwa sakafu ya saruji ya milimita 50 pamoja na niru (saruji laini ya kusiliba juu), bila tundu lolote la kutolea maji.

Mwenye nyumba anafanya kazi nje ya nchi. Anayeishi pale na kusimamia kila kitu ni dada yake, nitamwita Rehema, pamoja na watoto wanne, binti wa kazi, na mama mzee wa ndugu hao wawili, anayetembea kwa fimbo. Watoto walipokua, kaka alituma mashine ya kufulia ya kilo 8, ya mlango wa mbele, na stoo ikabadilishwa kazi. Pakawekwa sinki, meza ya kupigia pasi na ndoo za akiba za siku za mgao. Fundi bomba alitoboa slabu pembeni, akapitisha bomba la inchi mbili la maji machafu hadi kwenye bomba kubwa la nje. Tundu lilikuwa pana kuliko bomba. Pengo lililobaki alilishindilia karatasi za mfuko wa saruji na kulisiliba juu. Mpira wa kutolea maji wa mashine nao ukachomekwa humo humo kwenye bomba la sinki.

Jinsi sakafu ilivyochaguliwa

Niru ilianza kuchunika na kutoa vumbi lililoshika nguo zilizokunjwa, na Rehema akataka kitu kisafi. Mazungumzo yalifanyika kwa simu na picha: yeye dukani, kaka ughaibuni, fundi wa sakafu pembeni akijibu maswali ya wote wawili.

Laminate iliondolewa mapema, na fundi ndiye aliyeiondoa. Alimweleza kwamba moyo wake ni unga wa mbao ulioshindiliwa, na ukipata maji unavimba kama mkate kwenye chai. Alikuwa sahihi. Marumaru zilikataliwa kwa sababu ya fujo: kubomoa, vumbi la wiki nzima, kukata mlango. Zikabaki mbao za SPC, ambazo ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki ya PVC. Unene ni milimita 5, zina sifongo chembamba chini na zinabanana kwa meno ubao kwa ubao. Zinalazwa juu ya sakafu iliyopo, kwa siku moja. Na kwenye boksi pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazipitishi maji kwa asilimia 100.

Rehema hakuamini boksi. Aliomba kipande cha mfano, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji siku tatu, akakipima kwa rula kabla na baada. Hakikuvimba hata kidogo. Fundi akamwambia, "Dada, hii hata ukiimwagia ndoo nzima haina neno." Kaka akatuma fedha.

Hakuna aliyefanya upuuzi hapo. Mnunuzi alishuku tangazo, akafanya jaribio, jaribio likampa jibu la kweli. Wateja wengi hawafiki hata nusu ya hapo. Ila lile lilikuwa jibu la swali la ubao, na maji ya chumba cha kufulia hayana haja ya kupita kwenye ubao.

Yaliyotokea

Miezi minne ya kwanza ilikuwa ya sifa. Mwezi wa tano maungio mawili mbele ya mashine yakafunguka, upana wa ukucha. Hayo hayakuletwa na maji. Mbao za kubana kwa meno zimekusudiwa kuelea: hazigandishwi chini, zinatanuka na kusinyaa kama jamvi moja kubwa. Mashine ya aina ile ina uzito wa kilo 60 na zaidi kabla hujatia nguo, na wakati wa kukamua ngoma yake huzunguka mara elfu moja na zaidi kwa dakika. Uzito unaikandamiza sakafu mahali pamoja, mtikisiko unaivuta kwingine, na chini kuna sifongo linalobonyea; meno yanachoka. Rehema aliziba nyufa kwa silikoni na maisha yakaendelea.

Mwezi wa sita ikaja harufu, ile ya nguo mbichi iliyosahaulika kwenye beseni. Wakadhani ni mashine, wakaiosha kwa siki. Harufu ikapungua siku mbili, ikarudi. Wakati huohuo sinki lilianza kufurika kidogo kila mashine ilipotema maji. Binti wa kazi alizoea kuweka kitambaa chini na kukikamua, wala hakuona haja ya kumwambia mtu.

Kisha ukaja usiku wenyewe. Ilikuwa siku ya mgao. Jioni binti alifungua koki ya sinki, akasikia upepo tu, akaondoka bila kuifunga, na soksi za watoto zimebaki sinkini. Nadhani kila nyumba ya Dar es Salaam imewahi kufanya hivyo. Koki ile ilikuwa ya bomba la mtaani, si ya tangi, na maji yaliporudi usiku wa manane yalirudi kwa nguvu. Soksi zikaziba tundu. Saa kumi na moja alfajiri Rehema alisikia mchuruziko, akakuta maji ya kina cha kidole chumba kizima.

Walideki nusu saa. Sakafu ikakauka, ikang'aa, haikuvimba, haikupinda. Rehema alimtumia kaka yake picha na maneno, "Kaka umeona? Haijafanya kitu."

Siku ya tisa duara la kahawia, ukubwa wa sahani, likajitokeza kwenye dari ya jipsamu sebuleni, karibu na taa. Siku ya kumi na mbili swichi kuu ilianza kujizima kila taa ile ilipowashwa. Ndipo nikapigiwa simu.

Ukaguzi

Kabla ya kugusa sakafu nilizima umeme wa taa za sebuleni kwenye boksi la swichi, nikamwambia Rehema usiwashwe hadi fundi umeme aseme. Wengi hukimbilia kupaka rangi duara la kahawia. Maji yaliyokaa juu ya jipsamu karibu na waya ni hatari kwanza, uchafu baadaye.

Nilianza kung'oa mbao kutoka ukutani. Zenyewe zilikuwa nzima kabisa. Chini yake sifongo lilikuwa limelowa chapachapa, niru imetanda ukungu mweusi, na kwenye pembe ya bomba kulikuwa na dimbwi ambalo halikuwa na pa kukaukia. Yalikuwa maji ya siku kumi na mbili, na chini yake maji ya miezi.

Yaliingiaje? Sakafu ya kuelea lazima iachiwe pengo la milimita 8 hadi 10 kwenye kila ukuta ili ipate nafasi ya kutanuka. Fundi aliliacha, kama inavyotakiwa, kisha akalifunika kwa sketi ya plastiki, ule mkanda wa chini ya ukuta. Kwa hiyo chumba kizima kilikuwa kimezungukwa na mfereji ulio wazi, umefichwa tu macho. Maji hayakuhitaji kupenya ubao. Yalitembea hadi ukutani, yakashuka.

Nikaweka pimamaji ya mita 1.2 na kusogea nayo hatua kwa hatua. Sakafu waliyoniambia ni tambarare ilikuwa inashuka milimita 9 kutoka mlangoni hadi pembe ya bomba. Chumba kilikuwa na mteremko na kilikuwa na tundu, ila tundu lenyewe ndilo lile lililoshindiliwa karatasi. Ili kuthibitisha nilikoroga buluu ya nguo kwenye nusu kikombe cha maji nikaimwaga kwenye shina la bomba, nikashuka sebuleni ambako tulikuwa tumeshakata kipande cha dari. Haikufika dakika ishirini tone la buluu likaning'inia chini ya slabu. Rehema alilitazama kwa muda bila kusema neno. Ripoti ya kurasa kumi isingemshawishi hivyo.

La mwisho lilikuwa bomba la sinki. Nilivuta kwa waya kitita cha nyuzi za nguo na nywele, kirefu kama mkia wa panya. Ndicho kilichofanya sinki lifurike kila mashine iliposukuma maji yake.

Njia tulizozipima

"Kaka, sasa ipi ndiyo haipitishi maji kwelikweli?" aliniuliza Rehema. Nikamjibu kwamba nyumba yake tayari ina sakafu isiyopitisha maji, ile kule barazani imeegeshwa ukutani inakauka. Alicheka, lakini si sana.

Nikamwomba tuache jina la sakafu kwanza, tuulize maji yakimwagika yanakwenda wapi, na chini yake kuna nini. Kwenye chumba cha chini kilichokaa juu ya jamvi la zege lililolazwa ardhini ningeweza kumwambia apige niru nzuri yenye mteremko na tundu la kutolea maji, tukamaliza. Kule tatizo kubwa ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, na unapimwa kwa kubandika karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45 sakafuni na kuiacha kutwa kucha uone kama chini yake pametoka jasho. Ghorofani ni jambo jingine. Neno lenyewe sakafu tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni paa. Kwenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja, zege la chokaa na vipande vya matumbawe lililolazwa juu ya boriti na kupondwa kwa vijiti hadi likashikana lilikuwa dari ya aliye chini na sakafu ya aliye juu, na la darini kabisa lilinyeshewa mvua. Waliolipiga walijua wanajenga paa. Fundi aliyegeuza stoo ya Rehema alidhani anajenga mahali pa kukanyaga.

Kurudisha mbao zilezile na kuzungushia silikoni ndiyo ilikuwa njia ya bei ndogo kuliko zote, na kaka aliipenda. Niliikataa kwa sababu mbili. Pengo la ukutani likijazwa, sakafu haina pa kutanukia na itainuka katikati. Pili, silikoni ikichanika sentimita moja tu, maji yanaingia na hakuna atakayejua mpaka dari iseme tena.

Kapeti la plastiki la kulaza tu, lile linalouzwa kwa mita, lina ugonjwa uleule wa kuficha maji. Lililo bora ni vinili ya hospitalini, ambayo vipande vyake huunganishwa kwa moto na kupandishwa ukutani kama beseni. Kwa chumba cha aina hii ningeichagua bila kusita. Hatukumpata fundi mwenye vifaa vya kuunganishia ambaye angekubali kuja kwa mita za mraba saba na nusu.

Epoksi, gundi ya maji inayomiminwa sakafuni ikaganda ngumu, ilipendekezwa na jirani mwenye karakana. Ina tabia mbili zilizoiondoa. Inajisawazisha yenyewe kama uji kwenye sahani, na sisi tulitaka mteremko. Tena inataka saruji kavu: sakafu mpya ya saruji hukauka kwa kadiri ya milimita moja kwa siku, na yetu ingefika milimita 49 upande mmoja. Hizo ni wiki saba za kusubiri, familia ya watu saba ikifulia uani kwenye mabeseni.

Terazo, ile saruji yenye vipande vya mawe inayosagwa hadi iwe laini, kwa maoni yangu ndiyo sakafu bora kuwahi kupigwa katika mji huu. Nenda kwenye majengo ya zamani uone. Lakini kuisaga ghorofani, na matope yake yote, ndani ya nyumba inayokaliwa, hapana.

Tukabaki na marumaru za poselini zisizong'aa, za sentimita 30 kwa 30, juu ya utando wa kuzuia maji, juu ya saruji yenye mteremko. Poselini hunyonya maji yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake, ilhali seramiki za ukutani hunyonya zaidi ya asilimia 10. Lakini nilimweleza Rehema waziwazi kwamba marumaru hazikuwa za kuzuia maji. Maji yatapita kwenye maungio, leo au baada ya miaka mitatu. Utando ndio sakafu yenyewe. Marumaru ni za kuulinda usikanyagwe.

Hesabu ya kimo na ugomvi wa kizingiti

Sehemu hii ilitumia muda kuliko zote, na ndiyo ambayo wateja hawaioni. Tulipobomoa milimita 50 za saruji ya zamani tulifika kwenye slabu tupu. Tundu la kutolea maji, ambalo mafundi huliita flotrapu, tuliliweka katikati ya ukuta mrefu unaotazamana na mlango. Kutoka hapo hadi pembe ya mbali ni karibu mita 2.9. Kwa mteremko wa sentimita moja kila mita, tunahitaji milimita 29. Saruji iliyoshikamana na slabu sikutaka ishuke chini ya milimita 20 kwenye flotrapu, kwa hiyo pembe ya mbali inafika 49. Ongeza utando, gundi na marumaru, milimita 15. Jumla 64, sawasawa na kimo cha marumaru za ukumbi wa nje. Kama tungeweka flotrapu kwenye pembe ya lile bomba la zamani, kama fundi bomba alivyotaka ili aepuke kutoboa tena, umbali ungeongezeka na chumba kingekuwa juu kuliko ukumbi. Chumba cha maji kilicho juu ya ukumbi ni chemchemi.

Nilitaka pia kizingiti cha milimita 20 mlangoni. Rehema akakataa: mama yake hupita pale kwa fimbo, na mzee wa umri ule akianguka ni jambo kubwa kuliko dari yoyote. Tukakubaliana milimita 10, granaiti iliyochongwa mshazari pande zote mbili, na utando upite chini yake. Nilipiga hesabu ya beseni tulilopata: hata flotrapu ikiziba kabisa, chumba kinashika kama lita 150 kabla tone la kwanza halijatoka mlangoni. Mashine ya mlango wa mbele hutumia kama lita 50 au 60 kwa mfuo mmoja. Niliridhika.

Kazi ilivyokwenda

Tundu la zamani lilisafishwa hadi kwenye zege zima na kujazwa saruji isiyosinyaa. Mashine ilipata bomba lake lenyewe la kusimama, tofauti na la sinki, na kila moja likawekewa mtego wake, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu. Saruji ya mteremko ilipigwa, ikafunikwa magunia mabichi siku saba. Utando ulikuwa wa aina ya saruji na mpira, unaovumilia sakafu iliyo na unyevu kidogo, na hiyo ilituokoa zile wiki saba. Ulipakwa mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza, wavu wa faiba umezamishwa kwenye kila pembe, na ukapandishwa ukutani sentimita 15 kila upande na 30 nyuma ya sinki na mashine.

Kisha tukaziba flotrapu na kujaza maji sentimita tatu, tukachora mstari wa penseli ukutani. Pembeni tuliweka beseni lenye maji, nalo likiwa na alama yake. Kazi ya beseni ni kukuonyesha ni kiasi gani kimepotea kwa joto tu. Kama sakafu imeshuka zaidi ya beseni, unavuja. Ilipofika saa ya ishirini tofauti ilionekana, na chini ya slabu pakawa na unyevu wa ukubwa wa kiganja.

Tulitafuta kwa siku nzima. Kumbe fundi umeme aliingia jioni, utando ulipokwisha kukauka, kuhamisha soketi ya mashine. Alisimamisha ngazi yake ya chuma katikati ya chumba. Mguu mmoja haukuwa na kofia ya mpira, ukatoboa tundu lisilozidi ncha ya kidole. Hakukosea, maana hakuna aliyemwambia. Kosa hilo lilikuwa langu: sikufunga mlango. Tukaweka kiraka cha wavu, tukapaka mkono wa tatu sakafu nzima, tukajaza tena maji saa 48. Safari hii sakafu na beseni vilishuka sawa.

Nilichagua epoksi kwa maungio ya marumaru, na hapo nilizidisha. Kwa joto la Dar es Salaam inaganda kabla fundi hajamaliza kupangusa. Nusu ya kwanza ilibaki na ukungu wa gundi ambao haukutoka hata kwa kukwangua. Nusu ya pili fundi alichanganya kiasi kidogo kidogo, asubuhi mapema, ikatoka safi. Ukisimama mlangoni unaiona mipaka ya siku zile mbili mpaka leo.

Kazi niliyoahidi siku kumi ilichukua ishirini na nne.

Matokeo

Ni miezi kumi na minne sasa. Mwezi wa tano mpira wa kuingizia maji ulichomoka kwenye koki ya mashine, mchana, nyumbani hakuna mtu ila mama mzee aliyelala. Haijulikani ulimwaga kwa muda gani. Rehema alikuta maji yakizunguka flotrapu na kushuka. Ukumbini hapakuwa na tone, na sebuleni dari mpya ilikuwa nyeupe. Tangu hapo amezoea kufunga koki ya mashine kila anapomaliza kufua, jambo ambalo halina gharama na ambalo ningepaswa kulisema siku ya kwanza.

Malalamiko yapo. Marumaru zenye mikwaruzo tulizochagua ili mtu asiteleze zinashika povu na nyuzi, na deki ya kawaida haizitoshi. Binti hutumia brashi kila Jumamosi. Familia iliposafiri wiki tatu, maji yanayobaki ndani ya flotrapu kuzuia harufu yalikauka, wakarudi kukuta harufu na mende. Sasa wakisafiri humwaga humo ndoo ya maji na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yanachelewesha kukauka. Na kiweko cha zege nilichoijengea mashine, sentimita nane, kilikuwa cha kupendeza hadi mashine ilipoanza kutembea wakati wa kukamua na kusogea ukingoni. Tulikivunja juu tukabakiza sentimita mbili, tukaweka pedi za mpira.

Uchambuzi

Ukitazama fedha, kubomoa, mteremko, utando na mabomba vilikula karibu theluthi mbili. Marumaru zenyewe hazikufika robo. Ila katika simu zote za kaka na dada, mazungumzo karibu yote yalikuwa ya rangi na aina ya marumaru, maana ndizo zinazoonekana kwenye picha. Nikipata mteja wa mbali siku hizi, namtumia kwanza picha ya chumba kikiwa na sentimita tatu za maji na mstari wa penseli. Sampuli baadaye.

Lililofanya kazi kuliko yote ni jaribio la maji kabla ya marumaru. Bila lile tungefunika tundu la ngazi, na baada ya mwaka tungelaumu utando, au marumaru, au fundi. Mafundi wengi hulikwepa kwa sababu linakula siku mbili zisizolipwa. Liandike kwenye makubaliano kama kazi yenye malipo yake.

Kilichoshindikana tangu awali ni habari. Binti wa kazi aliona sinki likifurika wiki kadhaa, na yeye ndiye anayekaa chumbani humo kuliko mtu yeyote. Hakuulizwa, wala mimi mwenyewe sikumuuliza siku ya ukaguzi. Niliyajua ya kitambaa na kukamua mwishoni kabisa, alipokuwa akinionyesha pa kuweka brashi. Ningemuuliza kwanza ningeanza na bomba, na buluu ningeimwaga saa ya kwanza badala ya ya tatu.

Kuhusu kizingiti, bado sina uhakika kama milimita 10 ni uamuzi mzuri au bahati tu. Mpira uliochomoka ulikuta flotrapu iko wazi. Siku ikiziba na koki ikimwaga lita kumi kwa dakika, zile lita 150 ni robo saa. Kwa hiyo flotrapu ina kichujio kinachotoka kwa mkono, na kukisafisha kumo kwenye kazi za Jumamosi pamoja na brashi.

Zile mbao za SPC zilioshwa, zikaanikwa kivulini, zikapangwa upya kwenye chumba cha kulala cha mama mzee, ambako hakuna koki wala mashine. Anasema hazina baridi miguuni kama saruji. Hazijafanya kitu.